Nilimwambia Asimame Juu ya Barafu

Jumamosi, Agosti 2021. Merrylands. Asubuhi umande mweupe juu ya majani ya uani, mchana jua lisilo na nguvu, kama mahubiri yaliyozidi saa. Mimi mwenyewe sijielewi.

Nilitaka kuandika kitu cha kuchekesha leo. Nimekaa jikoni tangu chai ya mchana, kidole kimoja kinaning'inia juu ya simu, na hakuna kinachokuja. Utani wote niliokuwa nao mwezi huu niliumalizia kwa mtu mmoja. Mtu huyo yuko hospitali.

Basi nitaandika ilivyokuwa.

Wewe unayefika hapa mara ya kwanza, karibu, vua viatu. Mimi ni Wilondja, mzee wa Ubwari, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika. Shule niliishia darasa la tano. Mwalimu alimwambia baba yangu kwamba nina kichwa kizuri sana, cha kubebea kuni. Nikaenda ziwani, na ziwa halikuniuliza cheti. Ukurasa huu alinifungulia binti yangu Furaha ili niache kumsumbua na hadithi zangu akitoka kazini. Anafanya kazi kwenye ghala, usiku, anapanga maboksi ya watu wanaonunua vitu wakiwa wamelala kitandani.

Sisi wa magharibi mwa Sydney tumefungiwa na korona kuliko wengine. Kilomita tano kutoka mlangoni kwako, ukivuka una kesi. Helikopta inapita juu ya nguo tulizoanika. Juzi wanajeshi waligonga mlango. Mimi nimekimbia wanajeshi katika nchi mbili, kwa hiyo miguu yangu ilifika mlango wa nyuma kabla akili haijauliza kuna nini. Furaha akanipigia kelele, "Papa, rudi! They're just asking kama tuna chakula!" Nikarudi na soksi moja. Nikawaambia chakula kipo, kinachokosekana ni watu wa kula nao. Yule kijana wa jeshi akaandika kitu kwenye simu yake. Sijui aliandika nini. Labda aliandika "mzee, soksi moja."

Tuko wazee watano kwenye kundi la WhatsApp. Kundi linaitwa Wazee wa Ziwa, kwa sababu wote tulizaliwa ukingoni mwa Tanganyika, na wote tunajidai tuliwahi kuvua mgebuka mrefu kama mtoto wa shule. Kuna Asukulu wa Villawood, shemasi, ambaye hawezi kusema "hamjambo" bila kuanza na sala. Kuna Lukele mwenye presha na Yohana mwenye sukari. Ukiwaunganisha wale wawili unapata hospitali nzima. Kuna mimi. Na kuna Bukuru.

Bukuru ni Mrundi, mtu wa Rumonge. Ukitazama kutoka kwetu Ubwari, kwao ni ng'ambo. Miaka yote ya ujana wetu tulivua ziwa moja bila kujuana. Tukajuana Cabramatta, katika duka la Mvietnamu mmoja anayeuza samaki wakavu. Pakiti ya mwisho ya vidagaa ilikuwa rafuni. Nilipoishika, nikakuta imeshikwa upande wa pili na mkono mweusi kama wangu. Yule mtu akanitazama toka juu hadi chini, akasema kwa Kiswahili, "Mzee, achia. Wewe uso wako unaonyesha umeshiba."

Nikamwambia, "Hii ni dagaa. Ninyi Warundi mnakula ndagala. Ndagala ziko duka lingine."

Tukagawana ile pakiti kwenye benchi la nje, tukigombana kuhusu jina la samaki aliye mdomoni mwetu. Tangu siku hiyo mimi kwake ni "mtu wa ng'ambo", na yeye kwangu ni "mtu wa ng'ambo". Kila mmoja anaamini ng'ambo ni kwa mwenzake.

Kabla ya korona Esperansi, binti yake, alipata kazi ya kulea wazee huko kusini, mji mdogo wa milimani, mahali ambapo wazungu wanapanda na mbao miguuni na kushuka na mguu umevunjika. Akamchukua baba yake. Siku ya kuondoka Bukuru aliniambia, "Huko kuna ziwa. Wewe baki na benchi lako."

Juu ya ule mji kuna ziwa dogo la kuchimbwa. Na majira ya baridi, ziwa lile linafanya barafu.

Si barafu kama ya Ulaya, ile ya kupitisha gari. Inaanza pembeni, Bukuru alisema, nyembamba kama ngozi ya maziwa. Mchana jua likiamka inakimbia, asubuhi imerudi, kila siku inaingia ndani kidogo zaidi. Sisi watu wa Tanganyika, ambao maji yetu hata Julai unaoga bila kulia, tulisikia habari hizo kama watoto wanaosimuliwa zimwi.

Hivyo Bukuru akaanza kutuletea hali ya ziwa. Kila asubuhi, ujumbe wa sauti. Mwaka jana alianza kwa mzaha. Mwaka huu tulipofungiwa, ikawa ndio mkate wetu. Asukulu anaamka, anaomba, anasikiliza Bukuru. Nadhani siku nyingine anasikiliza kwanza.

Ilikuwa hivi, na nitaiandika kama alivyosema, maana sauti zake zote bado ninazo:

"Hapa ziwani, anaongea Bukuru, baba wa Esperansi. Barafu jana ilikuwa kwenye jiwe, leo imefika kwenye gogo. Kale kaghuba kadogo kamefungwa kote, bata wamehama kwa hasira. Upepo hakuna. Samaki hawaji pembeni, wako chini kule kwenye giza, wanakula kivivu. Nimepata mmoja wa madoa, mdogo kama dhambi anazoungama Asukulu. Uzi unaganda kwenye pete za fimbo ya kuvulia, nimepaka mafuta ya mgando, sasa fimbo inang'aa kuliko mimi. Lukele, presha. Yohana, nimesikia habari za ile keki. Na wewe mtu wa ng'ambo, Wilondja, endelea kulala. Ukiamka utakuta ziwa limeshavuliwa lote. Ni hayo."

Kila siku hivyo. Anatusalimia mmoja mmoja kwa jina, kila mtu na kibao chake. Jina langu la mwisho. La mwisho ndilo tamu, kila mtu anajua.

Sasa niseme ukweli, maana hapa hakuna shemasi.

Nilikuwa na wivu. Yeye alikuwa na ziwa, mimi nilikuwa na kibaraza kinachotazama mashine ya hewa ya jirani. Yeye alipata samaki wa madoa kama chui, mimi nilipata samaki kwenye boksi, amegandishwa, ana tarehe ya kufa mgongoni. Na kadiri alivyoeleza vizuri, ndivyo nilivyotaka kumwangusha. Alisema barafu inalia mchana, inapiga kelele kama tumbo la ng'ombe. Nikaandika kwenye kundi, "Hilo ni tumbo lako." Alisema amegonga barafu na fimbo na haikuvunjika. Nikaandika, "Labda uligonga kichwa chako."

Wakacheka. Hata yeye alicheka. Kwetu ziwani utani ndio chumvi, mtumbwi usio na utani unafika ukiwa na watu wamenuna na samaki wameoza. Kuna mpaka mmoja tu. Ukimtania mwenzako hadi akaanguka majini, wewe ndiye utachota maji ya mtumbwi. Unachota mbele ya wote, kwa kibuyu au kopo, na hata mtumbwi ukikauka unaendelea kuukwangua, mpaka yeye mwenyewe aseme "basi". Hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema. Bukuru alidai desturi hiyo ilianzia Rumonge. Nilimwambia Rumonge walijifunza kwetu, maana kwao walikuwa wanaanguka wenyewe bila kutaniwa.

Jumatatu wiki iliyopita nikafanya kazi ya kifundi. Nilijaza maji kwenye beseni la Furaha, nikamsimamisha samaki wa boksi katikati, kichwa juu, nikaliingiza lote kwenye friza. Kesho yake nikalitoa. Samaki alikuwa ametoa kichwa nje ya barafu, mdomo wazi, kama mtu anayemuuliza Mungu swali. Nikapiga picha. Nikaandika, "Hali ya ziwa, Merrylands. Barafu imefika hadi kwenye sahani za Furaha. Samaki wanakuja wenyewe."

Kundi likalipuka. Yohana alituma vicheko mpaka nikaogopa sukari yake.

Bukuru akajibu kwa sauti, na haikuwa ya kucheka sana. "Wewe unadhani nadanganya."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nina kichwa cha kubebea kuni. Nikaandika:

"Kama kweli maji yamesimama, na wewe simama juu yake tukuone."

Hayo ndiyo maneno. Nimeyasoma leo mara nyingi. Ni mafupi. Nilijisifu kwa ajili yake, nilimsomea Furaha akiwa anavaa viatu vya kazi. Akasema, "Papa, leave him alone." Nilidhani hajaelewa uzuri wake.

Alhamisi asubuhi simu ikalia, ya video, ya kundi zima. Nikaona sura nne kwenye vijidirisha, na cha tano kilikuwa kofia ya sufu na pua nyekundu. Nyuma yake kulikuwa na ziwa.

Lilikuwa zuri. Sitasema lilifanana na nini. Lilikuwa limenyamaza tu, jeupe pembeni, jeusi katikati, na ukungu umekaa juu yake kama haukuwa na kazi nyingine.

"Mnaniona?" akasema Bukuru. "Wilondja, futa miwani yako. Esperansi amelala ndani ya gari, ametoka zamu. Nyamazeni msimwamshe."

Akaigonga barafu kwa fimbo. Ko, ko. Kama mlango.

"Umesikia, mtu wa ng'ambo? Hilo ni tumbo langu?"

"Naona fimbo," nikasema. "Sioni Mrundi juu ya maji."

Asukulu akasema, "Ndugu zangu, tusimjaribu Bwana." Tukamcheka.

Bukuru akageuza simu, akatuonyesha. Kule kwenye ghuba barafu ilikuwa nyeupe na nene. Mkono wa pili kulikuwa na kijito kinaingia ziwani, na hapo barafu ilikuwa laini, safi, inapendeza, unaona hadi mawe ya chini. Akasema, "Nisimame wapi?"

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo wazee watano, wavuvi wa kuzaliwa, tulipokuwa wajinga pamoja.

Kwetu mdomo wa mto ndipo mahali. Mto unaleta chakula, samaki wanakusanyika, mchanga unajaa, unaweza kusimama maji yakafika magotini tu wakati pembeni mwenzako anazama. Baba yangu alinifundisha: ukipotea ziwani, tafuta mdomo wa mto, pana samaki na pana chini. Baba wa Bukuru alimfundisha hivyo hivyo upande wa pili. Ni jambo pekee ambalo Ubwari na Rumonge hazijawahi kugombania.

Bukuru akasema, "Naenda pale mdomoni mwa mto."

Na mimi nikasema, "Hapo hapo!"

Lukele akasema, "Ndiyo, hapo ni pagumu." Yohana akaafiki kwa kichwa. Hata shemasi hakupinga.

Akapiga hatua moja. Akasimama. Akainua mkono mmoja kama mwanasiasa. Akasema, "Wilondja!" Sauti yake ilikuwa na furaha, nataka hilo liandikwe. "Wilondja, unaniona? Niko juu ya ma..."

Tulisikia mlio kama mti mkavu. Kisha simu ikaruka, ikateleza, ikalala chali juu ya barafu. Ikawa inatuonyesha mawingu.

Mawingu tu. Na chini ya mawingu, sauti ya Bukuru.

Maji hayakuwa marefu, nilikuja kujua baadaye, yalifika kifuani. Lakini kila aliposhika ukingo wa barafu apande, ukingo ulivunjika. Tulisikia ukivunjika. Alimwita Esperansi. Alimwita tena. Halafu akawa haiti mtu, anapumua tu, pumzi fupi fupi za kukatika, na mimi jikoni Merrylands namwangalia samaki wangu kwenye beseni, maana nilikuwa nimemrudisha mezani ili nimwonyeshe Bukuru.

Nikapiga kelele. Furaha akatoka chumbani na nguo za kulalia, akachukua simu yake, akapiga kwa watu wa dharura. Wakamuuliza mahali. Akanigeukia. "Papa, ziwa gani? What's it called? Papa!"

Sikujua.

Mwaka mzima, kila asubuhi, nimesikiliza hali ya ziwa lile. Najua jiwe lake, najua gogo lake, najua bata wake wana hasira. Jina lake sikuwahi kuuliza. Nilikuwa najitayarishia jibu la kuchekesha tu, yeye akiwa bado anaongea.

Nikataja mji. Furaha akaeleza kadiri alivyoweza. Na wakati huo huo, kwenye yale mawingu, tukasikia mlango wa gari, na miguu, na Esperansi akipiga yowe kwa Kirundi. Yule binti ni mlezi wa wazee, anajua kunyanyua watu wazito. Nilikuja kuambiwa kwamba alilala kifudifudi ukingoni, akamrushia kitenge alichokuwa ametandika kwenye kiti cha gari, akamwambia azungushe mikononi. Akamvuta. Barafu ikavunjika mbele yake, akarudi nyuma, akavuta tena. Tulisikia kila kitu. Hatukuona chochote. Asukulu alikuwa anaomba kwa sauti, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha simu ikaingia majini. Nadhani barafu iliyoibeba ilivunjika nayo. Kijidirisha chake kikawa cheusi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Jioni ile Esperansi alinipigia. Alisema baba yake amelazwa, mwili ulikuwa umepoa sana, mapafu yameshika ugonjwa. Si korona, wamempima. Mzungu mmoja wa pale mjini amemweleza kwamba mdomoni mwa kijito hakuna mtu anayekanyaga, hata mbwa hapakanyagi, kwa sababu maji yanatembea chini, na barafu yake haiwezi kukomaa. Ile nyeupe mbaya ya ghubani ingembeba. Ile nzuri ndiyo tundu.

Halafu akashusha sauti. Akasema, "Papa Wilondja, nimesoma kundi kwenye tableti yake. Ni wewe ulimwambia asimame?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Yeye ana umri wa kusimama juu ya barafu?"

"Hapana, mwanangu."

"Haya, Papa. Usiku mwema."

Kwa heshima kabisa. Angenitukana ningepona.

Nilitaka kwenda. Nilivaa hata koti. Furaha alisimama mlangoni, akanieleza tena habari za kilomita tano, na polisi barabarani, na hospitali kutopokea wageni. Nikamwambia nilishavuka mipaka yenye bunduki. Akasema, "I know, Papa. Lakini ulikuwa kijana, na ulikuwa unakimbia. Sasa unataka kukimbilia wapi?" Nikavua koti. Yule samaki nikamrudisha kwenye friza. Sikuweza kumla, sikuweza kumtupa. Bado yuko mle, na mdomo wazi.

Siku zilizofuata kundi lilikuwa kimya. Asubuhi tunaamka, tunashika simu, hakuna ziwa. Lukele aliandika "Hamjambo" na hakuna aliyejibu. Ndipo nilipofahamu kwamba hatukuwa tunasikiliza habari za barafu. Mtu alikuwa anatuita majina kila asubuhi, na mimi nilimwita mwongo.

Leo asubuhi, sauti. Kutoka kwenye tableti ya Bukuru, Esperansi amempelekea hospitali.

Kwa haraka nikabonyeza picha ya mjukuu wa Yohana badala ya kubonyeza sauti. Nikabonyeza tena.

"Hapa hospitali, anaongea Bukuru, baba wa Esperansi." Akakohoa. Kikohozi kirefu, chenye maji ndani. "Hali ya ziwa. Barafu ya mdomoni mwa mto haijakomaa. Nimeipima mwenyewe. Maji ni baridi, msije. Samaki wapo. Mmoja alinipita mguuni, akasimama kunishangaa. Daktari anasema ziwani tena hapana, mapafu hayataki. Hivyo hii ndiyo hali ya ziwa ya mwisho." Akakohoa tena. "Chakula cha hapa hakina chumvi. Asukulu, punguza kuomba, Mungu ana wagonjwa wengine. Lukele, presha. Yohana, mkeo anajua unapoficha biskuti."

Nikabana simu sikioni. La mwisho ndilo tamu.

"Ni hayo."

Ikakatika.

Nilidhani mtandao. Nikasikiliza tena. Nikamwita Furaha asikilize yeye, labda masikio yangu. Akasikiliza, akanirudishia simu taratibu, akaniwekea chai ambayo sikuiomba.

Asukulu aliniandikia pembeni, "Ndugu, labda amesahau, dawa za hospitali zina nguvu." Shemasi yule ni mwongo mbaya sana, hana mazoezi.

Hakusahau. Mtu anayekumbuka biskuti za Yohana hajasahau jina langu.

Ziwa limeondolewa kwake. Hilo ndilo ninalolitafuna tangu asubuhi. Alivuka vita viwili na bahari moja, akafika mwisho wa dunia, akakuta ziwa linamngoja. Vita havikuliondoa. Gonjwa hili halikuliondoa. Nimeliondoa mimi, kwa sentensi moja, nikiwa nimevaa kandambili.

Nilianza kumwandikia samahani. Nikafuta. Nikaandika samahani yenye utani ndani yake, nikaona aibu, nikafuta. Nikarekodi sauti, nikajisikia nalia kama mbuzi, nikafuta hiyo upesi. Neno "samahani" lilikuwa dogo, linaelea tu juu ya maji.

Halafu nikakumbuka kibuyu.

Nikavaa barakoa, nikavaa soksi mbili, nikachukua kopo, nikatoka. Ndani ya kilomita zangu tano kuna bustani, na ndani ya bustani kuna bwawa la bata. Maji yake ni ya kijani, yana pakiti moja ya chipsi inayoelea, na kibao kinachokataza kulisha ndege. Mazoezi yanaruhusiwa. Polisi wawili walipita wakaniuliza, "You right, mate?" Nikawaambia ninafanya exercise. Nilikuwa nimesimama wima bila kusogea. Wakaondoka, nadhani kwa huruma.

Nikasimama ukingoni. Nikabonyeza.

"Hapa bwawani, anaongea Wilondja, baba wa Furaha. Hali ya maji, Merrylands. Barafu hakuna. Upepo kidogo, kutoka upande wa kituo cha treni. Samaki sijaona. Bata wapo, wananidharau. Asukulu, asante kwa kujaribu. Lukele, presha. Yohana, hamisha biskuti." Hapo nikageukia maji. "Na wewe Bukuru, mtu wa Rumonge, baba wa Esperansi. Ziwa lako linaitwaje? Sikuwahi kukuuliza. Hapa mjinga yuko mmoja, amesimama ukingoni, anachota maji. Ni hayo."

Nimetuma kwenye kundi, si pembeni. Nilimchokoza mbele ya watu, nichote mbele ya watu, kila asubuhi.

Furaha anasema nitapata baridi kwa kusimama bwawani kila asubuhi, na wazee wengine watachoka kusikia habari za bata. Wachoke. Hakuna kati yao anayeruhusiwa kunisimamisha.

Sasa ni alasiri. Jua limeshakwenda kwa jirani. Alama zimegeuka bluu, wamesikia wote, na ya Bukuru ni ya kwanza. Hajajibu.

Kesho bwawa litakuwa palepale, na mimi nitakuwa palepale, na kopo langu.

Bado hajasema basi.